Mwarobaini Katika Mizani ya Maabara

Asili ya mwarobaini ni Bara Hindi, lakini mti huu umestawi sana katika pwani ya Afrika Mashariki. Jina lake limetokana na imani kwamba hutibu maradhi 40. Hata hivyo, jina si ithibati. Maabara huuliza swali moja baada ya jingine.

Katika utafiti uliochapishwa India mwaka 1996, panya walinyweshwa dawa ya majani ya mwarobaini, miligramu 100 kwa kila kilo ya uzani, kwa majuma matatu. Walipewa pia protini ya ute wa yai, kitu kigeni kinachouchochea mwili kujikinga. Kingamwili zao ziliongezeka kuliko za panya wasiopewa dawa. Kundi hili la pili ndilo mizani yenyewe: bila ya kulinganisha, haijulikani kilicholeta mabadiliko ni dawa au ni protini ile.

Waama, kuimarika kwa kinga ya panya si kupona kwa binadamu. Isitoshe, kuna maradhi ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe. Kuichochea huenda kukayazidisha. Kwa hivyo, matokeo haya yanahalalisha utafiti zaidi, wala hayamruhusu mgonjwa kuacha matibabu ya hospitali.