Siku Moja ya Kutembea Mwanza Pamoja na Watoto

Mama wa Kigongo akisema kesho anakwenda Mwanza, jirani humwuliza, "Kuna mgonjwa?" Kwa akina mama wengi wa pwani hii ya ziwa, jiji ni Hospitali ya Bugando na soko. Mtu huenda na wasiwasi, hurudi na mzigo. Watoto nao hukua karibu na Jiji la Miamba bila kulijua, nasi twashangaa wanapotamani miji ya mbali waliyoiona kwenye televisheni.

Zamani tulikuwa na udhuru. Aliyetoka Busisi au Sengerema alipanga foleni ya kivuko, na muda wa kurudi hakuujua. Tangu tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, gari huvuka kwa dakika chache tu. Hata hivyo, daraja halina foleni, na kwa mama aliyewauzia ndizi na samaki abiria waliosubiri kivuko, hilo si jambo dogo. Kwa hiyo safari ya matembezi haifai kuchukuliwa kwenye fedha ya chakula au ya daftari. Kaeni na baba watoto, mkubaliane mapema, na mweke akiba kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Ondokeni alfajiri, jua lingali changa. Kufika saa sita miamba huwa imeshika moto, na mtoto mdogo huchoka upesi. Bebeni maji yaliyochemshwa, kofia au kanga ya kujifunika, pamoja na viazi au chapati za nyumbani.

Anzeni na Kisiwa cha Saanane. Boti huondoka upande wa Capri Point na safari ni fupi. Kisiwa hiki kilikuwa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, iliyoanzishwa mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Jina ni la mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyeishi pale kabla ya wanyama kuletwa. Watoto watawaona swala, pimbi wakiota jua juu ya mawe, na mijusi yenye vichwa vyekundu. Chukueni vitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni. Katika boti kila mmoja avae jaketi la kuokolea, hata kama maji yametulia. Mama akivaa wa kwanza, watoto hawatabisha.

Mkirudi nchi kavu, piteni karibu na kivuko cha Kamanga mkalitazame Jiwe la Bismarck likiwa limesimama majini. Wajerumani walilipa jina la Otto von Bismarck, aliyekuwa Kansela wao. Lakini mawe yalikuwapo kabla ya Mjerumani yeyote: mvua, jua na upepo vimeyachonga kwa muda mrefu usiohesabika. Watoto wasiachwe kuchezea maji ya ufukoni. Konokono wa humo hueneza kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila mtu kuhisi.

Baada ya chakula na mapumziko kivulini, shikeni barabara ya Musoma. Pale Igoma yapo makaburi na mnara wa kumbukumbu ya meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei, 1996 ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Mamia walipoteza maisha. Msiogope kuwapeleka watoto wakubwa. Wakisimama hapo, wataelewa kwa nini asubuhi mliwavalisha jaketi.

Mbele kidogo, Kisesa, iko Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kazi iliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada akishirikiana na wenyeji. Zimo ngoma za watemi, na habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji ngoma walioshindana miaka mingi. Kama bibi yupo, nendeni naye. Akikiona chombo alichokitumia ujanani ataanza kusimulia, na kwa siku hiyo yeye ndiye atakuwa mwalimu.

Ikiwa fedha au nguvu hazitoshi, chagueni mahali pawili tu. Pengine papo mwaka ujao. Mama naye asigeuke mpishi na mchukuzi wa safari: baba abebe mtoto, wakubwa wabebe kapu, naye apate nafasi ya kuketi na kulitazama ziwa. Kisha jirani akiuliza tena kama kuna mgonjwa, ajibiwe kwa furaha, "Hapana, mama Fulani. Tulikwenda kutembea."