Plasma au LCD? Shauri kwa anunuaye televisheni ya mtumba

Jirani yangu mmoja alinijia baada ya sala ya alasiri kutaka shauri. Dukani ameonyeshwa televisheni mbili za mtumba, zote za inchi 42, moja ya plasma na moja ya LCD. Ya plasma ndiyo rahisi. "Maalim, na picha yake yapendeza mno," akaniambia. Fedha zenyewe amezidunduliza miezi mingi, na nyumbani yumo mama yake mzee ambaye mchana kutwa hataki kutazama ila Msikiti Mtukufu wa Makka. Nikamsihi asitoe pesa kwanza.

Yapasa ifahamike kwamba plasma ni ufundi uliokwisha achwa. Kioo cha kwanza cha namna hiyo kilibuniwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Televisheni zake ziliingia madukani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa bei ya matajiri. Panasonic, waliosifika sana kwa kazi hiyo, waliacha kuzitengeneza mwishoni mwa 2013. Samsung na LG wakafuata mwaka 2014. Basi plasma uionayo sokoni leo ni kikongwe, nayo ikiharibika, aghlabu fundi hapati kipuri ila kwa kukichomoa katika nyingine iliyokufa.

Katika plasma, kila nukta ya picha ni vijumba vidogo vyenye gesi za neoni na zenoni. Umeme ukipita, gesi hutoa mwanga usioonekana kwa jicho, na mwanga huo huiamsha rangi iliyopakwa ndani ikang'aa yenyewe. LCD haing'ai yenyewe. Nyuma yake kuna taa, na mbele ya taa kuna fuwele za majimaji ambazo hugeuka kwa nguvu ya umeme, zikaachia mwanga au zikauzuia mithili ya mapazia madogo madogo.

Wala tusiidhulumu plasma. Weusi wake ni weusi hasa, ambapo katika LCD mwanga wa nyuma huvuja, na usiku ukaonekana kijivu. Mpira ukipigwa hauachi ukungu, na aliyeketi pembeni mwa mkeka huona sawasawa na aliyeketi katikati. Mwenye macho mazuri hana la kulaumiwa akiipenda.

Lakini umeme! Plasma ya inchi 42 yaweza kula wati 250, na LCD ya kiasi hicho yenye taa za LED hutosheka na 80 hivi. Kwa bibi atazamaye saa 12 kila siku, hiyo ni yuniti 90 kwa mwezi dhidi ya 29. Urahisi wa dukani humalizwa na mita ya nyumbani, tena upesi.

Na liko jambo zito zaidi kwa nyumba ile. Rangi ya ndani ya plasma huchakaa kwa kung'aa, na picha isiyosogea ikikaa muda mrefu huacha chapa isiyofutika. Stesheni huweka nembo yake pembeni mwa kioo saa zote. Mama asiyebadili stesheni angeichapa nembo hiyo, ikabaki hata wajukuu watazamapo taarifa ya habari.

Nikamwagiza amwombe muuzaji aweke picha nyeupe tupu, kioo kizima, atazame kama kuna kivuli. Kisha picha nyeusi katika LCD, atafute nukta zinazong'aa zisizozimika na mistari. Asome pia kibandiko cha nyuma, wati zimeandikwa hapo. Katika sheria yetu muuzaji ajuaye aibu ya bidhaa yampasa aiseme, na mnunuzi akiigundua aibu ya kale ana khiyari ya kurudisha. Hata hivyo, masharti yaandikwe katika risiti, kwani maneno ya dukani husahauliwa.

Jioni ile alikwenda na mwanawe. Picha nyeupe ilipowekwa katika plasma, kilitokeza pembeni kivuli cha nembo ya stesheni wasiyoijua. Muuzaji akasema kitaondoka chenyewe. Wakachukua LCD. Mama alinung'unika siku mbili kwamba mbingu ya Makka usiku imekuwa kijivu, kisha akazoea.