Taa Ndogo Iliyotuliza Wimbi
Ajiundiaye nyumbani mtambo wa kutoa mawimbi laini ya umeme hukabiliwa na taabu moja. Amplifaya ikikuza chini ya mara 3, wimbi hufifia likafa. Ikizidisha kidogo tu, hufura hata vilele vikakatika. Nani awezaye kupima sawasawa hivyo kwa mkono?

Mwaka 1939 Mmarekani William Hewlett, mwanafunzi wa Stanford, alitia taa ndogo katika mzunguko wenye daraja la Wien. Wimbi likikua, uzi wa taa hupata moto, ukinzani wake huongezeka na ukuzaji hupungua. Likinywea, uzi hupoa.

Rezista mbili za kilo-omu 10 na kapasita mbili za nanofaradi 16 hutoa mitetemo karibu 1,000 kwa sekunde. Taa yenyewe, ndugu msomaji, haipaswi kung'aa. Ikiwaka, tia rezista ndogo zaidi katika njia ya marejesho.