Paka Jike Afungwe Kizazi Mapema
Katika maboma ya Kitui na Makueni, paka ndiye mlinzi wa ghala; asipokuwepo, panya hutoboa magunia ya mahindi na ndengu. Ndiyo maana wengi husita kumfunga kizazi. Lakini paka aliyefungwa kizazi huendelea kuwinda. Kinachokoma ni kuzaa tu. Naye huzaa kwa kasi: hubeba mimba wiki tisa hivi, na anaweza kushika nyingine akingali ananyonyesha. Watoto wanaokosa makao huzurura bila chanjo, ilhali paka pia huambukiza kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao Kenya iliazimia mwaka 2014 kukomesha vifo vyake kwa binadamu ifikapo 2030.

Ugumu huja paka akiwa tayari na mimba. Daktari wa mifugo anaweza kuondoa mji wa mimba pamoja na vijusi, ingawa mimba ikikua hatari ya kuvuja damu huongezeka. Wapo wanaouita upasuaji huo ukatili, na uchungu wao unaeleweka. Hata hivyo, kumtupa sokoni mtoto aliyekwisha kuzaliwa afe njaa ni ukatili mkubwa zaidi. Kwa paka wasio na mkia, sababu ya kuwafunga kizazi ni nzito zaidi. Mkia uliokatwa na mtego haurithiwi. Lakini kwa jeni ya paka wa Manx, aina inayozaliwa bila mkia, kijusi kinachoirithi kwa wazazi wote wawili hufia tumboni, na baadhi ya wanaozaliwa huwa na kasoro za uti wa mgongo, wasiweze kuzuia haja. Paka jike afungwe kizazi akiwa na miezi minne au mitano, na achanjwe, kabla hatujalazimika kuchagua kati ya maumivu mawili.