Leseni ya kuuza sigara: Bungoma ina uwezo

Matatu za Kitale na Webuye zikisimama Kamukuywa, kaunti ya Bungoma, wachuuzi huzikimbilia na ndizi, njugu na maji. Vibandani kuna biashara isiyopigiwa kelele. Pakiti ya sigara imefunguliwa mezani, ubavuni mwa peremende. Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba, mteja awashe papo hapo. Mtu wa bodaboda anatoa sarafu, anapewa moja, anaenda zake. Pakiti yenye onyo kuhusu madhara ya tumbaku hata haigusi.

Biashara hiyo ni haramu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, na pia kumwuzia aliye chini ya miaka 18. Sababu iko wazi: bei ya pakiti nzima humfanya mtu asite, lakini sigara moja hata mwanafunzi anaimudu kwa pesa ya chakula cha mchana. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kuwa Wakenya wazima wapatao milioni 2.5 walikuwa wakitumia tumbaku.

Kampuni ya sigara ya BAT ilikwenda kortini 2015 kupinga kanuni za tumbaku za 2014. Ilishindwa Mahakama Kuu, ikashindwa kwenye rufaa, na Novemba 2019 Mahakama ya Juu nayo ikaitupa kesi yake. Ushindi huo mkubwa wa Nairobi haujafika kibandani.

Mimi naona dawa iko kwenye leseni, inayoweza kupunguza maduka ya sigara. Wanasayansi wa Finland walichapisha mwaka 2016 utafiti ulioonyesha kuwa wavutaji ambao duka la tumbaku lilikuja kuwa mbali zaidi na nyumba zao walielekea zaidi kuacha kuvuta. Hungary mwaka 2013 ilipunguza maduka ya sigara kutoka takriban 40,000 hadi elfu chache. New Zealand ilipitisha sheria ya kubakisha maduka 600 tu, kisha serikali mpya ikaifuta 2024 kabla haijafanya kazi. Ulinzi wa aina hii huhitaji wanasiasa wasioyumba.

Kwetu, Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti mamlaka juu ya leseni za biashara na huduma za afya. Bungoma inaijua tumbaku tangu shambani, kwa kuwa wakulima wa Malakisi wameilima miaka mingi. Inaweza kutunga sheria yake: anayetaka kuuza sigara awe na kibali cha pekee, asiwe karibu na shule, na akiuza moja moja anyang'anywe. Lakini kanjo wasianze kwa kumkimbiza mama wa kibanda anayetafuta karo. Apewe muda na maelezo, na msambazaji anayemletea mzigo awe wa kwanza kuulizwa.

Waheshimiwa wa bunge la kaunti, mamlaka hayo mnayo tangu 2013. Leteni mswada.