Hatifungani za Serikali: Hatari iko kwenye miaka

Mfanyabiashara wa Kerende, wilayani Tarime, anayeishi kwa pesa ya dhahabu ya Nyamongo, hahitaji kufundishwa kupanda na kushuka kwa bei. Huenda asichokijua ni kwamba hatifungani ya Serikali nayo ina bei, na bei hiyo hushuka.

Hatifungani ni mkopo. Serikali huuza kwa mnada kupitia Benki Kuu, hulipa riba kila miezi sita na hurudisha mtaji muda ukiiva. Riba ikipanda sokoni, hati za zamani zenye riba ndogo hukosa wateja mpaka zishushwe bei.

Aprili 2022 riba ya hati ya miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Waliokuwa na hati za zamani walineemeka. Lakini geuza hesabu: mwenye hati ya asilimia 12.10 akikuta soko linadai 15.49, hati ya miaka 20 yenye thamani ya shilingi 100 itauzwa kwa takriban shilingi 79. Ingekuwa imebakiza miaka miwili tu, ingeuzwa kwa karibu 94. Mkopaji ni yule yule. Kilichotofautiana ni miaka.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa meneja wa mfuko wowote ni hili: hati zilizomo zimebakiza wastani wa miaka mingapi? Mifuko ya fahirisi, ambayo hununua hati kwa kufuata orodha maalumu ya soko badala ya meneja kuchagua, ni rahisi kueleweka na kwa kawaida gharama zake ni ndogo. Wepesi huo hauiondolei hatari. Mfuko mkubwa wa aina hiyo wa Vanguard, Marekani, ulipoteza takriban asilimia 13 mwaka 2022, riba zilipopanda.

Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS, ulioanzishwa 2019, si wa fahirisi. Meneja ndiye anayechagua. Umewafungulia mlango wenye mitaji midogo, jambo la kupongezwa. Ila mwekezaji atofautishe: mwenye hati yake mwenyewe akivumilia hadi iive hupata mtaji wote, wakati mfuko hauna siku ya kuiva. Hati moja ikiisha hununuliwa nyingine, na anayetoka hulipwa thamani ya kipande ya wakati huo.

Je, Serikali yaweza kushindwa kulipa? Ghana, Desemba 2022, iliwataka wenye hatifungani za ndani wabadilishe hati zao kwa nyingine zenye masharti hafifu. Mfumuko wa bei nao hula riba kimya kimya.

Pesa ya kununulia mzigo mwezi ujao, au ya ada za Januari, haifai kuwekwa kwenye mfuko wa hati za miaka 20 na 25, hata riba ikivutia vipi.