Kusomea kilimo cha maua na kitalu nyumba: mambo ya kujua ukiwa mkimbizi Gitega

Je, wewe ni mkimbizi unayeishi Gitega au sehemu nyingine ya Kigali, na unafikiria kusomea kilimo cha maua ya biashara? Sheria ya Rwanda inakuruhusu kusoma na kufanya kazi. Lakini kabla ya kulipa ada au kuacha kibarua ulicho nacho, fahamu kwanza kazi hii ikoje.

Kitalu nyumba (waliosoma kwa Kifaransa husema serre) si plastiki na nguzo tu. Mvua ikishazuiwa, kila tone ambalo mmea unakunywa linatoka kwenye mipira ya umwagiliaji, na mbolea huyeyushwa humo humo. Kwa hiyo mwanafunzi hushika vipimo kuliko jembe: kupima uchachu wa maji na kiasi cha chumvi, kujua saa ya kufungua mapazia ya pembeni ili unyevu usilete ukungu, kugeuza majani kutafuta utitiri mwekundu kabla haujasambaa. Waridi lina kazi zaidi. Chipukizi huunganishwa kwenye shina la waridi jingine lenye mizizi imara. Ua hukatwa likiwa bado tumba, hupangwa kwa urefu wa kikonyo, kisha huingizwa haraka kwenye chumba cha baridi. Likichelewa juani, hasara haionekani pale shambani. Itaonekana Uholanzi, mezani kwa mnunuzi.

Popote utakapokwenda, uliza swali hili: baada ya kupuliza dawa, watu husubiri muda gani kabla ya kuingia tena? Kila dawa ina muda wake, umeandikwa kwenye kibandiko, na ndani ya plastiki mvuke hautoki upesi. Kama una mimba au unanyonyesha, mwambie mwalimu au msimamizi mapema. Mahali wasipokuwa na jibu la swali hili, tafuta pengine.

Chuo cha Rwanda Polytechnic kilichoko Musanze hufundisha uzalishaji wa mazao na umwagiliaji. Kwa shahada, Chuo Kikuu cha Rwanda hufundisha kilimo Busogo, wilaya hiyo hiyo. Kutoka gare ya Nyabugogo ni kama saa mbili kwa basi, hivyo huwezi kulala Gitega na kusoma Musanze. Weka chumba na chakula kwenye hesabu yako, na amua nani atabaki na watoto.

Kuhusu ajira, usitarajie Naivasha, ambako mashamba ya maua yanapakana. Hapa Rwanda waridi la kuuza nje hulimwa hasa Gishari, wilayani Rwamagana, ambako iko kampuni ya Bella Flowers. Ndiyo maana ningekushauri uchague masomo yanayogusa pia nyanya na pilipili hoho. Ujuzi wa maji na wadudu ni ule ule, na nyanya ina mnunuzi kila siku pale soko la Kimisagara, harusi iwepo isiwepo.

Utahitaji kitambulisho cha mkimbizi ambacho muda wake haujaisha. Kama ulimaliza sekondari Kongo au Burundi, cheti chako lazima kilinganishwe na cha Rwanda. Kazi hiyo hufanywa na NESA. Anza na hilo, kwa sababu bila karatasi hiyo ombi lako chuoni litakwama. Na kama vyeti vilibaki nyumbani wakati wa kukimbia, usishawishike kununua cha bandia: kikigunduliwa utapoteza nafasi na unaweza kushtakiwa. Ulizia mafunzo mafupi ya ufundi, ambayo kwa kawaida hayadai cheti cha sekondari.

Kwa shahada ya kwanza upo ufadhili wa DAFI, unaotolewa kupitia UNHCR kwa msaada wa Ujerumani. Nafasi ni chache na ushindani ni mkubwa. Fomu yake haiuzwi, na huduma zote za UNHCR na washirika wake ni bure. Mtu akikuomba pesa ili "akupitishe", usimpe, hata kama ni jirani au mtu mnayesali naye. Peleka taarifa ofisi ya UNHCR; si lazima uwe na ushahidi wa maandishi.